Je, ni Dhambi Kuikumbuka Baa kwa Furaha?



Swali la safari hii halikuja kwa barua. Liliulizwa jikoni kwangu, na aliyeuliza ni mke wangu. Lakini kabla sijalieleza, sina budi kuwaambia jambo ambalo hata baadhi ya Wakristo ninaowafundisha kigangoni hawalijui. Mimi katekista niliwahi kuwa mhudumu wa baa. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2000, karo ya kuendelea na masomo haikupatikana, na mwaka uliofuata mjomba wangu akanitafutia kazi Awendo, mji wa kiwanda cha sukari huko Migori. Nilisimama nyuma ya kaunta ile karibu miaka mitatu. Na kusema kweli mbele ya Mungu, niliipenda kazi hiyo.

Anayeujua mji wa Awendo atanielewa. Kiwanda kilianza kusaga miwa mwaka 1979, na maisha ya mji yalifuata zamu zake. Zamu ikitoka jioni, harufu ya molasi iliwatangulia wateja wetu mlangoni. Walikuja mafundi wa mitambo, madereva wa matrekta, wakataji miwa wenye masizi hadi kwenye kope, na mwisho wa mwezi walikuja walimu wakiwa bado na tai shingoni. Wasafiri wa kwenda mpakani Isebania nao walipitia kwetu. Mjaluo, Mkisii, Mkuria na Mluhya walikaa meza moja, na aliyenunua raundi hakumuuliza mwenzake ametoka ukoo gani.

Pale nilijifunza mambo ambayo shuleni sikufundishwa. Nilijua nani anataka bia moto na nani anataka baridi. Nilijua kwamba ukiwasikia watu wawili wameanza kuitana "bwana mkubwa" kwa sauti ya chini, yafaa uziondoe chupa tupu mezani kabla ugomvi haujaiva. Zaidi ya yote nilijifunza kusikiliza. Mtu angeweza kunieleza saa nzima habari za shamba la babake lililogawanywa vibaya, nami nikifuta glasi ileile bila kumkata kauli. Mwenye baa alikuwa na sanduku zima la kanda za D. O. Misiani, yule mwanamuziki mzaliwa wa Shirati ng'ambo ya mpaka, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Misiani alizoea kuficha maneno ya siasa ndani ya hadithi, na wazee walikuwa wakinisimamisha na sinia mkononi ili wanifumbulie mafumbo yake. Hadi leo sijapata kuingia darasa lenye walimu wachangamfu kama wale.

Sasa basi, mwishoni mwa Novemba 2020, redio ilitangaza kwamba Papa Bouba Diop, mchezaji kandanda wa Senegal, ameaga dunia. Nilikuwa nimeketi jikoni, mke wangu akisonga ugali. Nikajikuta nacheka huku machozi yananilengalenga. Akaniuliza kuna nini, ndipo nikamsimulia ile Ijumaa ya tarehe 31 Mei 2002.

Kombe la Dunia lilikuwa linafunguliwa mjini Seoul. Ufaransa, mabingwa wa mwaka 1998, walicheza na Senegal, ambao hawakuwa wamewahi kufika huko hata mara moja. Kwetu ilikuwa saa nane na nusu mchana. (Ile sheria ya mwaka 2010, ambayo watu waliipa jina la mbunge Mututho aliyeileta, na ambayo iliwakataza wenye baa kufungua kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, ilikuwa bado.) Tulikuwa na televisheni moja ndogo, tukaipandisha juu ya kreti tatu. Dakika ya 30 Diop akafunga. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mzito asiyecheka ovyo, akapanda juu ya meza. Mkata miwa akamkumbatia msimamizi wake aliyekuwa amemkata siku ya malipo wiki iliyotangulia. Mzee mmoja alilia waziwazi, akisema kwamba sasa anaweza kufa. Bao lile moja likabaki hilohilo hadi mwisho. Nilimwambia mke wangu kwamba, ukiondoa siku ya harusi yetu na siku walizozaliwa watoto, sidhani nimepata kufurahi namna ile.

Alikuwa amenipa mgongo, wala hakugeuka. Akauliza: "Tarehe 31, tena Ijumaa. Mishahara ilikuwa imetoka. Hao wanaume wote, Japuonj, wake zao walikuwa wapi?"

Japuonj ndilo jina analoniita, yaani mwalimu. Kwa kawaida hulitamka kwa mzaha. Siku hiyo hapakuwa na mzaha.

Yafaa mjue kwamba mke wangu alizaliwa upande wa Homa Bay, kando ya ziwa, na marehemu babake alikuwa mvuvi wa mbuta. Fedha ya ziwa huja asubuhi, na kwa baba yule iliisha jioni ileile, hapohapo ufukoni. Mamake aliwalisha watoto sita kwa kuanika na kuuza omena. Kwa hiyo mimi ninapolitaja neno "baa", yeye husikia kitu kingine kabisa. Tuko katika jimbo moja, maana Jimbo la Homa Bay tangu lilipoundwa mwaka 1993 limezishika Migori na Homa Bay pamoja, na tulifunga ndoa mbele ya altare moja. Lakini katika neno hilo moja tulikuwa kama watu wa nchi mbili.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mimi si mlevi, kwamba nimeacha hata kuonja tangu nilipoanza mafundisho ya ukatekista, na nikamuuliza anataka nifanye nini zaidi, nijikate kichwa nitoe kumbukumbu? Tukanyamaziana siku tatu. Tulisalimiana kama wapangaji wa ploti moja.

Nami katika siku hizo tatu niliwaza sana, maana swali lenyewe si la nyumba yangu peke yake. Je, mtu aliyeacha maisha fulani ana ruhusa ya kuyakumbuka kwa furaha, hasa ikiwa mwenzake aliumizwa na maisha kama hayohayo?

Wako wanaojibu haraka kwamba hana. Rafiki yangu mmoja wa kikundi cha sala alinikumbusha mke wa Lutu, aliyegeuka nyuma akawa nguzo ya chumvi. Namheshimu ndugu huyo, lakini jibu lake halikunitosha. Kwanza, Kanisa halikufundisha kamwe kwamba kinywaji chenyewe ni uovu, wala kicheko cha watu walioketi pamoja. Pale Kana mabalasi yalikuwa sita, na ukipiga hesabu ya vipimo anavyovitaja Mtakatifu Yohane utaona kwamba Bwana aliwapa watu wale divai inayozidi lita 400, baada ya ile ya kwanza kwisha! Kinacholaaniwa ni ulevi. Pili, ile kazi ya kusikiliza ninayoifanya leo, ninapokaa na wachumba au na mume na mke waliokosana, sikuanza kuifunza katika semina ya makatekista. Niliianza nyuma ya kaunta. Nikisema niliichukia kazi ile nitakuwa mwongo, na mke wangu atakuwa anaishi na mtu niliyemtunga mimi.

Wako pia wanaojibu kwa methali, kwamba yaliyopita si ndwele. Hawa nao nawaogopa kidogo. Yaliyopita mengine ni ndwele hasa. Ukimwambia hivyo mtu aliyelala njaa utotoni, umemwambia kwamba njaa yake imekuchosha.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alistaajabia jambo hili. Aliona kwamba mtu anaweza kuikumbuka furaha ya zamani akiwa na huzuni, na kuikumbuka huzuni ya zamani huku akifurahi. Kwake kumbukumbu ilikuwa kama jumba kubwa lenye vyumba vingi, na si kila kilichohifadhiwa humo hutoka kwa sura ileile kilichoingia nayo. Lakini aliyenisaidia zaidi si Augustino. Ni Waisraeli wa sura ya 11 ya kitabu cha Hesabu. Wakiwa jangwani walichoka na mana, wakaanza kukumbuka vyakula vya Misri: samaki waliokula bure, matango, matikiti, vitunguu. Mimi mtu wa ziwa nawaelewa sana kuhusu hao samaki. Sidhani walikuwa wanasema uongo. Samaki wale walikuwepo na walikuwa watamu. Lakini samaki hao walitoka katika mto gani? Ni mto uleule wa Nile, ambao maji ya ziwa letu hutiririka kuuendea, na ni ndani ya mto huohuo Farao alikuwa ameamuru watoto wao wa kiume watupwe. Walikumbuka samaki, wakasahau watoto.

Nilipofika hapo katika kuwaza kwangu, usiku wa siku ya tatu, nililikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelikata kutoka katika ile Ijumaa yangu kama mtu anavyokata picha kwa mkasi ili aondoe sura asiyoitaka.

Muda mfupi baada ya lile bao, mama mmoja alikuja mlangoni. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine wa miaka kama mitano ameshika leso yake. Hakuingia, wake za watu hawakuingia. Aliniita kwa ishara na kunitajia jina la mumewe, akauliza kama yumo. Alikuwemo, hatua nne nyuma yangu, karibu na televisheni. Niligeuka nikamtazama, naye akatikisa kichwa. Nikamwambia yule mama: "Hayumo. Aliondoka tangu saa sita." Wakati huohuo mumewe akacheka. Alikuwa na kicheko chake, kila mtu mjini alikijua. Mama yule alinitazama usoni. Nadhani nilikuwa na miaka ishirini, naye hakunizidi sana. Akasema, "Asante, baba," akamshika mtoto mkono wakaondoka. Nami nikarudi kwenye mpira. Jioni yule bwana aliniachia shilingi 20 juu ya sinia, nikazipokea.

Ndugu wasomaji, furaha ile ya Senegal ilikuwa ya kweli. Nasisitiza hivyo kwa sababu sitaki mtu aseme katekista amegundua kwamba furaha yake ilikuwa ya uongo. Lakini kulikuwa na mtu aliyekuwa akiilipia, naye nilimwacha nje ya mlango mara mbili: mara ya kwanza siku ile, na mara ya pili kila niliposimulia.

Siku ya nne nilimweleza mke wangu yote, na zile shilingi 20 pia. Nilitazamia mojawapo ya mambo mawili, anilaumu au anisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa kimya kitambo, kisha akanisimulia kwamba mama yao alikuwa akimtuma yeye, akiwa darasa la pili, aende kumtafuta baba kwenye baa ya ufukoni, kwa kuwa wanaume huona haya kumdanganya mtoto. Lakini walimdanganya. Kijana wa kaunta alimwambia baba hayupo, na ili aondoke upesi akampa chupa ya Fanta. Aliinywa yote akiwa amekaa kwenye kizingiti, akisikiliza muziki. Akarudi nyumbani akasema baba hayupo. Soda hakuitaja.

"Hiyo Fanta," akaniambia, "ndiyo kitu kitamu kuliko vyote nilivyokunywa utotoni. Sijawahi kumwambia mtu. Nitamwambiaje mama?"

Kumbe naye alikuwa na utamu wake wa baa, ameuficha kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano kwa kudhani kwamba kuukumbuka ni kumsaliti mamake. Alichokuwa ananikasirikia mimi, kwa sehemu, ni kwamba nilithubutu kuusema wangu kwa sauti.

Nikimtazama sasa sioni dhambi yoyote katika Fanta ile, wala siamini mwenye akili timamu anaweza kuiona. Mtoto alipewa kitu kitamu katika saa mbaya. Hivyo nauliza: je, mtu akubali kutupa utamu wote wa maisha yake uliotoka mahali palipokuwa na maumivu ya wengine? Akifanya hivyo wengi wetu tutabaki bila utoto. Ninachoona ni kwamba anapousimulia, asimfungie mlango aliyekuwa nje. Na mwenzake anapousikia, asimwamuru auchome moto.

Hapa lazima niseme neno kwa wanaume, hata kama halitawapendeza. Mimi nikisema nilifanya kazi baa, watu hucheka na kuniomba hadithi. Mwanamke akisema hivyo, watu hunyamaza na kutazamana. Wakati mmoja katika mafundisho ya ndoa msichana alinijia pembeni akitetemeka, kwa sababu aliwahi kuhudumu katika hoteli yenye baa ili kulipia karo ya mdogo wake, na mchumba wake hakujua. Alikuwa na kumbukumbu njema za wenzake wa kazi, walivyochangiana wakati mmoja wao alipofiwa, lakini alishaamua kuzizika zote siku ya harusi. Nilimshauri amweleze mchumba wake kabla, nikajitolea kukaa nao wakitaka. Mchumba alikunja uso, akauliza maswali ambayo sitayaandika hapa. Nikamuuliza yeye alikuwa upande gani wa kaunta miaka hiyo. Hakujibu, lakini alilegea. Walifunga ndoa.

Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwaasa wanandoa wapeane muda na kusikilizana kwa subira, kabla ya kukimbilia kutoa maoni au ushauri. Huo ndio ustadi wenyewe wa mhudumu wa baa mzuri! Nashangaa kwamba niliwapa walevi wa Awendo kwa miaka mitatu kitu ambacho mke wangu alingoja miaka kumi na mmoja ya ndoa kukipata.

Limebaki lile deni. Mtumishi wa Mungu Matt Talbot wa Dublin, ambaye Kanisa lilimtangaza Mwenye Heshima mwaka 1975, alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12 kwa mfanyabiashara wa vileo, na hapo ndipo alipojifunza kulewa. Mwaka 1884 aliweka nadhiri ya kuacha pombe, na hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1925. Kuna jambo moja katika maisha yake linalonigusa kuliko mifungo yake yote. Siku za ulevi, yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla mmoja maskini chombo chake, wakakiuza ili wanywe. Alipoongoka alimtafuta mpiga fidla yule kila mahali. Hakumpata. Mwishowe ile fedha ya fidla aliitoa ili Misa zisomwe kwa ajili ya roho ya mtu yule.

Mimi nami nimeulizauliza Awendo. Jina la mume nalikumbuka, lakini watu wa viwandani huhamahama. Wengine waliniambia familia ilirudi kwao Nyamira, wengine wakasema hapana. Jumapili moja tuliomba Misa, nia yake ikiandikwa "kwa mama mmoja na watoto wake wawili". Padre alinitazama akitaka jina, nikamwambia sina. Shilingi nilizotoa zilikuwa zaidi ya 20, ingawa najua hesabu ya namna hiyo haifungwi kwa fedha.

Mwaka jana tulikuwa tukirudi kutoka mazishini Migori mjini, tukiwa katika matatu. Tulipoingia Awendo mke wangu alimgonga kondakta begani akasema tunashuka. Sikuwa nimemwomba. Tukatembea hadi kwenye jengo lile. Kaunta haipo tena. Leo kuna duka la mbegu na dawa za mifugo, na kijana aliyekuwa ndani alitutazama akitaka kujua tunahitaji nini. Mke wangu alisimama kwenye kizingiti bila kuingia. Akauliza, "Televisheni ilikuwa wapi?" Nikamwonyesha, pale penye magunia ya mahindi ya mbegu. "Na yule mama?"

"Hapo uliposimama."

Akasogea kidogo, akatazama chini, kisha akatazama ndani. Baadaye akaniomba nimsimulie tena lile bao, kuanzia mwanzo, na mwalimu wa hesabu alivyopanda mezani. Nikamsimulia palepale mlangoni, kijana wa duka akisikiliza, na nilipofika kwa yule mama sikuruka. Kisha tukavuka barabara kutafuta matatu nyingine, naye akaniambia nimnunulie Fanta.